Gawio liandikwe kabla mti haujaanguka: barua ya wazi kwa wenye kazi za uvunaji mbao

Kwenu wenye miti, wenye misumeno na vibali, na ninyi mnaoongoza vikundi vya uvunaji mbao,

Salamu kwenu nyote na poleni na kazi.

Nawaandikia nikiwa mtu wa daftari. Kazi yangu kwenye uvunaji mdogo ni kupima magogo, kuyapiga namba, kuhesabu mbao zinazotoka na kujumlisha gharama. Ni kazi inayomweka mtu karibu na kila ugomvi, maana pesa zikibishaniwa daftari ndilo linaloitwa kwanza. Nina ombi moja, na nalisema mapema ili hata asiyefika mwisho wa barua awe amelisikia: namna ya kugawana iandikwe, na kila mtu aisikie, kabla mti wa kwanza haujaanguka.

Nazungumzia kazi ndogo. Watu sita au saba, msumeno mmoja au miwili, miti ya mtu binafsi au ya kikundi, mnunuzi anayekuja na lori. Kazi hizi huanza kwa kuaminiana. Mwenye msumeno anamwita fundi anayemjua, fundi anakuja na msaidizi wake, msaidizi anawaita ndugu zake wabebe, na kuhusu pesa linasemwa neno moja tu: "Tutaelewana." Sina ubaya na kuaminiana, bila huko kazi zenyewe zisingekuwapo. Lakini neno hilo linasemwa wakati hakuna cha kugombea. Mbao zikishauzwa, kila mmoja ana hesabu yake kichwani, ameijenga kidogo kidogo kila alipobeba mzigo mzito, na hakuna hesabu mbili zinazofanana. Hapo anayeshika pesa ndiye anayeamua. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa, na bado wengine wakaondoka wakiamini wameibiwa.

Ugomvi wa kwanza unahusu kinachogawanywa. Bei ya lori ikitajwa, kila sikio linaisikia, na kila mtu anaanza kuigawa kwa idadi ya vichwa. Mwenye kazi naye anajua kuna mafuta, oili, minyororo iliyokatika, faili, kibali, ushuru, usafiri na chakula cha kambi. Anayajua hayo yote ila hajawahi kuyaonyesha. Siku ya malipo anayataja kwa mkupuo, bila stakabadhi, na aliyekuwa akipasua mbao kutwa nzima anasikia tarakimu kubwa inayotoka hewani. Hata ikiwa ya kweli, haiaminiki. Gharama iliyoandikwa siku ileile ilipotokea, mbele ya shahidi, haibishaniwi sana. Ile inayokumbukwa siku ya malipo itabishaniwa tu, hata mkiapa.

Halafu kuna msumeno wenyewe. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo haki inapopotelea zaidi.

Msumeno unachakaa. Kila saa ya kazi inakula sehemu ya thamani yake, na mwenyewe ana haki ya kurudishiwa sehemu hiyo, la sivyo siku utakapokufa atabaki mikono mitupu wakati wenzake walishakula faida. Kuihesabu si kugumu: chukua bei ya msumeno, gawanya kwa saa unazotarajia utafanya kazi mpaka uishe, zidisha kwa saa ulizotumika kwenye kazi hii, kisha ongeza matengenezo. Hiyo ni gharama, sawa na mafuta. Zaidi ya hapo, mwenye msumeno amefunga pesa yake kwenye chombo badala ya kuiweka kwingine, na kwa hilo anastahili fungu kwenye faida. Na akiushika msumeno mwenyewe, anastahili pia fungu la kazi. Ni malipo matatu tofauti, na yote matatu ni halali.

Tatizo linakuja yanapochanganywa. Mwenye msumeno anatoza kodi ya mashine kwa siku, kodi ambayo ndani yake tayari mna uchakavu na faida. Kisha anachukua fungu la mtaji. Kisha mafuta yanatoka mfuko wa pamoja, ingawa kodi ilipotajwa ilieleweka kuwa ya msumeno pamoja na mafuta yake. Chombo kimoja kimelipwa mara mbili, pengine tatu, na kwa kuwa kila malipo yalikuwa na jina lake, hakuna aliyeona.

Tuchukue mfano wa vizio tu, kila mtu ataweka pesa ya kwao. Mbao zimeuzwa kwa 1,000. Mafuta, minyororo, kibali, usafiri na chakula vimekula 280. Uchakavu na matengenezo ya msumeno ni 70. Zimewekwa 50 kwa ajili ya ajali na miche ya kupanda. Zinabaki 600. Mwenye miti, kwa makubaliano, anachukua asilimia 30, yaani 180. Zinabaki 420 za kugawana kwa hisa: fundi msumeno hisa moja na nusu, mwenye msumeno kwa mtaji wake hisa moja na nusu, msaidizi moja, wabebaji wawili kila mmoja moja, mpishi moja. Jumla hisa saba, kila hisa 60. Fundi anapata 90, mwenye msumeno 90 pamoja na zile 70 za chombo, yaani 160, na wengine wanne 60 kila mmoja.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Badala ya uchakavu wa 70, weka kodi ya mashine ya 150. Kinachobaki kinashuka kutoka 600 hadi 520. Mwenye miti anapata 156, hisa inakuwa 52. Mpishi amepoteza 8, fundi 12, mwenye miti 24. Mwenye msumeno amepanda kutoka 160 hadi 228. Hakuna aliyegusa zile hisa saba. Asilimia na hisa zimebaki zilezile, na mtu anaweza kuapa kwamba mgawo ulifuatwa neno kwa neno. Ndiyo maana sitosheki ninapoambiwa "sisi tunagawana sawa". Nataka kuona mstari wa juu ya mgawo, pale palipoandikwa kinachotolewa kwanza.

Mwenye miti naye aangalie alipojiweka. Akikubali asilimia ya faida, amekubali kubeba gharama asizoziona. Kwa mtu asiyekuwapo kambini, mimi namshauri alipwe kwa mita ya ujazo iliyopimwa penye kisiki, bei ikiwa imekubaliwa kabla. Akitaka asilimia, basi awe na haki ya kulifungua daftari siku yoyote atakayo, bila kuonekana mgomvi.

Jambo la pili ni hasara, na sijui kwa nini linazungumzwa kidogo hivi. Mti unaweza kuonekana mzima kwa nje na ukawa na uvungu ndani, au moyo umeoza. Unaweza kupasuka ukianguka. Mnunuzi anaweza kushusha bei akiwa tayari amefika. Nani anabeba hasara hiyo? Kuna njia mbili za uadilifu. Ama watu ni vibarua, wanalipwa ujira wao wa siku au wa kipande hata mti ukiwa na uvungu, na mwenye kazi anabeba hasara akijua pia faida kubwa ikija ni yake. Ama watu ni washirika, wanakula kwa fungu na wanalala njaa kwa fungu. Wavuvi wa nchi nyingi wanaijua hii ya pili: gharama za safari zinatolewa kwanza, chombo na nyavu vinachukua fungu lao, mabaharia wanachukua lao, na bahari ikinyima imewanyima wote.

Kisicho cha haki ni kuchagua njia baada ya kuona matokeo. Nimeshika daftari kwenye kazi iliyoanza kwa maneno ya ushirika. Miti ikatoa vizuri kuliko ilivyotarajiwa, na siku ya malipo watu wakaambiwa wao walikuwa vibarua, wakahesabiwa siku zao. Kinyume chake kipo pia: walioitwa kwa ujira wa siku wanaambiwa biashara imekwenda vibaya, "tugawane kilichopo". Wakati wa neema mtu ni kibarua, wakati wa ukame ni mshirika! Mkiandika kabla, mlango huu unafungwa kwa pande zote, maana hata kibarua hataweza kudai fungu kwa kuwa tu amesikia bei ya lori ni nzuri.

Naingia kwenye kipimo, na hapa nitakaa, kwa sababu wengi wenu mnadhani mgawo unaanza pesa zinapofika. Unaanza pale utepe unapowekwa kwenye gogo.

Chukueni gogo la mita 4, upande mnene kipenyo sentimita 50, upande mwembamba sentimita 30, limenyooka na linapungua taratibu. Mnunuzi mmoja anapima ncha nyembamba peke yake na kulihesabu kama bomba la upana huo: anapata mita za ujazo 0.28. Mwingine anatumia kanuni ya Huber, anapima kipenyo cha katikati, sentimita 40, anapata 0.50. Wa tatu anatumia ya Smalian, anachukua wastani wa maeneo ya ncha mbili, anapata 0.53. Ukilihesabu gogo lenyewe kwa umbo lake halisi ni 0.51. Gogo ni lilelile, na kati ya kipimo cha kwanza na cha tatu tofauti inakaribia mara mbili. Sasa fikirieni mwangushaji analipwa kwa mita ya ujazo kwa kipimo cha kwanza, na mwenye kazi anauza kwa cha tatu. Hakuna aliyedanganya tarakimu hata moja, ila karibu nusu ya kazi ya mtu haikuingia kwenye hesabu.

Wanaotumia futi za mbao, yaani wanaohesabu kwa kipande cha ubao cha futi moja kwa futi moja chenye unene wa inchi moja, hawako salama zaidi. Kanuni ya Doyle, iliyozaliwa Marekani katika karne ya 19, hutoa inchi 4 kwenye kipenyo kabla ya kupiga hesabu. Kwa gogo nene inchi 4 si kitu kikubwa. Kwa gogo jembamba ni balaa. Gogo la futi 16 lenye kipenyo cha inchi 20 linapewa futi za mbao 256, na kanuni iitwayo ya Kimataifa inalipa 290. Lakini gogo la urefu huohuo lenye inchi 8 Doyle inalipa 16 tu, wakati ya Kimataifa inalipa 40. Kwa hiyo kikundi kinachovuna miti midogo, miti ya kupunguza msongamano shambani kwa mfano, kikikubali Doyle bila kujua kimeshagawa zaidi ya nusu ya jasho lake kwa mnunuzi, na hakuna mgawo wa ndani utakaoirudisha. Nikisikia watu wanagombana kuhusu asilimia 5 ya fungu la msimamizi huku kanuni ya kupimia hawajaiuliza, moyo unaniuma.

Kuna na ganda. Gogo lililopimwa likiwa na ganda lina kipenyo kikubwa kuliko lilivyo likimenywa, na kwa baadhi ya miti ganda ni nene kweli. Semeni wazi: tunapima juu ya ganda au chini yake? Na ile sentimita moja inayopunguzwa "kwa ajili ya kuzungusha" tarakimu inapunguzwa kwa kila mtu au kwa wapasuaji peke yao?

Mkipasulia hukohuko msituni, swali jingine linazaliwa. Msumeno wa mnyororo unakata njia pana, milimita 8 hadi 10 hivi, na yote hiyo inageuka vumbi. Ukipasua mbao za milimita 25 na kila mkato ukala 9, zaidi ya robo ya kila hatua imekwenda chini. Mashine ya kupasulia yenye msumeno mwembamba wa utepe, ambayo njia yake ni milimita 2 au 3, inapoteza sehemu ndogo sana ukilinganisha. Mnyororo butu, au ulionolewa upande mmoja kuliko mwingine, unazidi kuharibu: mkato unapinda, ubao unakuwa mnene kule na mwembamba huku, mnunuzi anaushusha daraja. Mwaona basi kwamba mwenye kazi anayebana pesa ya mnyororo mpya na faili anapunguza fungu la kila mtu ili kuokoa gharama ndogo. Na ninyi mnaowalipa mafundi kwa idadi ya mbao bila kuangalia ubora, mmewaambia wakimbie. Fundi anayelipwa kwa mbao zilizokubaliwa na mnunuzi, na anayepewa vifaa vya kunolea, atawapa mbao nyingi zaidi kutoka gogo lilelile. Ningependa sehemu ya ongezeko hilo irudi kwake. Ni mkono wake uliolileta.

Mabanzi, matawi na vilele visisahaulike. Vinauzwa kwa kuni, kwa uzio, kwa mkaa panaporuhusiwa. Kwenye kazi nyingi hakuna aliyetaja ni vya nani, mpaka siku mmoja anapakia mzigo na mwingine anamzuia njiani. Mstari mmoja kwenye makubaliano unatosha.

Nirudi kwenye hisa, maana najua kuna watakaoshangaa kuona mpishi nimempa hisa moja sawa na mbebaji. Nimempa kwa makusudi. Anaamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, anatafuta maji na kuni, na siku asipokuwapo kazi inasimama mchana. Mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi analipwa kitu cha kumshukuru tu, nje ya hesabu. Hilo si haki. Vilevile anayelinda mbao usiku, na anayehangaika na vibali ofisini. Mnaweza kukubaliana hisa zao ziwe ndogo au kubwa kuliko nilivyoweka mimi. Ninachokataa ni mtu wa kazi kuachwa nje ya orodha na kupewa kwa huruma. Fundi naye hapaswi kulinganishwa na kila mtu kwa jina la usawa. Ujuzi wake umechukua miaka, na anasimama karibu na kifo kuliko sisi wengine.

Maana kazi hii inaua. Shirika la Kazi Duniani linaihesabu kazi ya misitu kati ya kazi zenye hatari kubwa zaidi, na mwaka 1998 lilitoa mwongozo mzima wa usalama kwa ajili yake. Mti unapoangushwa, asiyehusika na uangushaji akae mbali kwa umbali usiopungua urefu wa miti miwili kama huo. Kofia ngumu, kinga ya uso na masikio, suruali yenye nyuzi za kuzuia mnyororo, buti imara: hivi ni vifaa vya kazi kama msumeno ulivyo. Viingie kwenye gharama zinazotolewa kabla ya faida. Nimeona kofia ikikatwa kwenye fungu la fundi kana kwamba amenunua pambo, na sijasikia mtu amekatwa fungu kwa sababu msumeno umewekewa breki ya mnyororo.

Na mtu akiumia katikati ya kazi? Hapa ndipo ukimya wa mwanzoni unapouma kuliko pengine pote. Mguu umevunjika siku ya nne, kazi imeendelea, mbao zimeuzwa, na watu wanajiuliza kama majeruhi anastahili fungu la siku alizofanya, au fungu zima, au matibabu peke yake. Wakati huo kila mtu ana njaa yake na hakuna anayefikiri vizuri. Mimi msimamo wangu ni huu: matibabu yatoke kwenye zile 50 zilizotengwa, na zisipotosha yaingie kwenye gharama za kazi, fungu lake libaki zima hadi uvunaji huo uishe, kwa kuwa ameumia akiwa kwenye kazi ya wote. Mnaweza kuamua tofauti, ila amueni wakati wote bado ni wazima na hakuna anayejua zamu ni ya nani. Palipo na sheria ya fidia kwa wafanyakazi, fungu la hisani haliiondoi. Anayeajiri ana wajibu wake palepale.

Kuhusu muda wa kulipa nitasema kwa ufupi. Mnunuzi akichelewa, wote wanachelewa, hilo linaeleweka. Lisiloeleweka ni mnunuzi kulipa awamu ya kwanza na awamu hiyo kuishia kwa wakubwa wa kazi, huku wabebaji wakisubiri awamu ya mwisho ambayo huenda isije. Kila awamu igawanywe kwa uwiano uleule. Na mikopo ya kambini, yaani sabuni, vocha za simu, posho za kutuma nyumbani, iandikwe kila mtu akishuhudia yake, kwa bei iliyonunuliwa.

Walioajiriwa kwa ujira wana kinga ambayo wakubwa wa kazi ndogo wengi hawaifahamu. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unahusu ulinzi wa ujira. Unakataza ujira wa fedha kulipwa kwa vocha, kuponi au hati za ahadi, na unakataza katika hali yoyote ile kulipa kwa pombe kali. Nalitaja la pombe kwa kuwa bado lipo kwenye makambi, na anayelipwa nusu kwa chupa kesho yake anashika msumeno. Ibara ya 14 ya mkataba huohuo inataka mfanyakazi aelezwe masharti ya ujira wake kabla hajaanza kazi, na kila yanapobadilika. Kabla hajaanza! Ombi langu kwenu si jipya, limesimama kwa wafanyakazi wa ujira tangu 1949, nami naomba liwafikie na wale mnaowaita washirika.

Viongozi wa vikundi na ushirika, ninyi nina neno lenu pekee. Miti ikiwa ya kikundi, kishawishi ni faida yote kuingia kwenye mfuko wa kikundi na wafanya kazi kuambiwa wamejitolea. Misingi ya ushirika, kama ilivyotangazwa upya mwaka 1995 na muungano wa vyama vya ushirika duniani, inasema ziada inaweza kuwekwa akiba, kuendeleza chama, na kuwanufaisha wanachama kwa kadiri ya shughuli zao na chama. Kwa kadiri ya shughuli zao. Aliyepasua mbao na aliyehudhuria mkutano wote ni wanachama, ila hawakufanya shughuli moja. Mlipeni kwanza aliyefanya kazi, kisha ziada ya kikundi ifuate njia zake. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii nyingi zinazotumia misitu, maji na malisho kwa pamoja, na kati ya mambo aliyoyakuta pale zilipodumu ni kwamba wanaoguswa na kanuni walishiriki kuzitunga, na waangalizi waliwajibika kwa watumiaji wenyewe. Basi mtu wa daftari asiwe chaguo la mwenyekiti peke yake. Mimi mwenyewe nikichaguliwa na anayeshika pesa, namba zangu zitatiliwa shaka hata zikiwa safi, na wanaozitilia shaka watakuwa na haki.

Najua jibu ambalo baadhi yenu mnalo tayari: kuandika kunaleta mashaka, watu wataanza kuhesabu kila tone la mafuta, na wengine hawajui kusoma. Kwa uzoefu wangu mashaka huwa yapo tayari, yamekaa kimya tu. Tena anayejua kwamba mafuta yanatoka kabla ya fungu lake huyamwaga kwa uangalifu, na huyo mwenye kazi anamhitaji. Kuhusu kusoma, makubaliano ya kazi ndogo hayazidi ukurasa mmoja. Yasomwe kwa sauti, kwa lugha ya kambini, na asiyesoma aje na mtu anayemwamini yeye, si aliyeteuliwa na mwenye kazi.

Kwenye ukurasa huo nataka nione nani ni kibarua na nani ni mshirika. Gharama zipi zinatolewa kwanza na msumeno unahesabiwa vipi. Magogo yanapimwa kwa kanuni gani, juu au chini ya ganda, na nani anashuhudia. Hisa za kila mtu kwa jina, mpishi akiwemo. Majeruhi anatendewaje, na anayeondoka katikati anapewa nini. Sahihi au dole gumba la kila mmoja, na nakala kwa kila mmoja. Gogo linapopimwa, mpimaji ataje namba kwa sauti na mtu wa pili arudie kabla haijaandikwa. Siku ya malipo daftari lisomwe lote kwanza, kuanzia gogo namba moja hadi stakabadhi ya mwisho, pesa zikiwa bado hazijafunguliwa, na mwenye swali aulize wakati huo.

Mwenye kazi atakayekubali haya aniite nimtayarishie ukurasa huo kabla hajanunua mafuta ya siku ya kwanza. Atakayekataa namwomba awaambie watu wake wazi, siku anayowaita, kwamba mgawo ataupanga mwenyewe baada ya kuuza, ili kila mmoja aamue kama anakwenda.

Wenu katika kazi,
Karani wa magogo